Nilivyokataza Kilio Nyumbani Kwangu

Ndugu zangu, ashukuriwe Mungu anayetusikia hata tukiwa ghorofa ya kumi na nne. Wengine walisimama hapa wakashuhudia pombe. Mimi, mzee wenu wa sala, nilianguka kwa ukimya. Msicheke, ngojeni.

Nilipofika Guangzhou kutoka Bukavu kutafuta vitenge, nilikuta Mkongo mwenzetu ametolewa chumbani kwa sababu ya ngoma ya ubatizo. Nanyi mnajua: mwenye nyumba asipokwenda nawe polisi kukuandikisha, huna anwani, na bila anwani viza yako iko mashakani. Niliogopa. Nikahama Xiaobei wanakokaa watu wetu, nikaenda mtaa wa pembeni wasikokaa, nikajitungia sheria: mgeni mwema hasikiki. Na kwa kuwa mlinipa heshima ya uzee, nikawafundisha nanyi. Barabarani msisalimiane kwa sauti. Nyimbo tuimbe kwa midomo tu. Niliwatolea hata mistari ya Maandiko, Mungu anisamehe.

Kisha dada mmoja wa kwetu, anayepika fufu na sombe ya majani ya muhogo kule barabara ya Huanshi Zhonglu, akafiwa na mtoto nyumbani Kongo. Hakuweza kusafiri. Chumba chake kidogo, changu kikubwa, akaniomba matanga yakae kwangu. Nikamwambia, "Mama, lieni polepole, kila mtu kwake." Alikaza kitambaa chake kichwani akaondoka.

Haukupita mwaka, simu ikalia: mama yangu amefariki, na kwa safari ya kwetu nisingeyawahi maziko. Ndugu zangu, nawaambia, nilifunga madirisha, nikafungulia bomba la maji ili jirani asinisikie, nikamlilia mama yangu bafuni kama mwizi. Hakuwepo hata mmoja wa kunishika bega. Angetoka wapi? Nilikuwa nimewafundisha wote wakae kwao.

Kesho yake mchana mlango ukagongwa. Dada yule yule, sufuria mikononi, na nyuma yake watu wamejaa ngazi; habari ya msiba ilikuwa imewafikia kutoka Bukavu.

"Papa, pole."

"Asante, mama. Lakini majirani..."

"Majirani masikio walipewa na Mungu, si na mimi. Hapa nilikatazwa kulia. Leo nimekuja kulia hapa hapa. Nitamlilia mama yako, nikimaliza nitamlilia mwanangu. Sogea, Papa, sufuria ina moto!"

Nikasogea.

Wimbo wa kwanza haujaisha, mwenye nyumba huyo mlangoni. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani, haiwezekani. Kwa Kichina changu cha sokoni nilielewa vizuri: wanyamaze sasa hivi, la sivyo kesho nitoke, na yeye kwa polisi haendi nami tena. Watu wote wakanitazama, isipokuwa yule dada. Yeye alikuwa anagawa sahani.

Sikuwa shujaa. Lakini mama yangu aliongoza kwaya tangu mimi sijaota meno. Leo nimuage kwa kunong'ona? Nikamwambia mwenye nyumba, kwa adabu, "Kesho nitatoka. Leo tunaimba." Kisha nikaanzisha wimbo mimi mwenyewe, kwa ile sauti ya juu aliyonifundisha yeye. Mwenzetu mmoja akasema, "Eh! Kumbe Papa ana koo!" Tukacheka na machozi yetu.

Asubuhi mlipakia godoro langu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mkaifuata kwa miguu mkiimba njia nzima. Nilikwenda soko la Zhongda kwa Mchina mmoja anayeniuzia vitambaa, kumwomba tu pembe ya kuwekea mizigo. Akautazama umati ule.

"Hawa wote wako?"

"Wangu."

"Miaka yote hii nilidhani huna watu," akasema. "Mtu asiye na watu mimi namwogopa."

Akafungua chumba juu ya duka lake, na alasiri hiyo hiyo akanipeleka polisi kuniandikisha. Wazieni, ndugu zangu! Miaka mitatu nawaficha ninyi ili nipate mahali pa kulala.

Sisemi kila mlango utafunguka. Mingine itafungwa, nasi tutalia ngazini. Lakini tutalia. Yale niliyowafundisha nayafuta leo mbele yenu na mbele za Mungu: salimianeni barabarani, tena kwa nguvu.

Nawashukuru mliokuja bila kuitwa. Namshukuru yule Mchina, Mungu ambariki na duka lake. Na dada yangu, jina silitaji, lakini mmekula sombe yake, mnamjua: nilikufungia mlango, nawe ukaja kwangu na chakula cha moto. Nisamehe.

Sasa msikae tena. Mwenzetu hapa amefiwa na baba yake juzi, na mwenye nyumba wake ameshamwonya. Chukueni sufuria. Tunakwenda kwake wote, na wimbo nitauanzisha mimi.