Maisha ya Yotamu Chipasha, Aliyefutwa Katika Orodha ya Wakulima wa Mfano

Ndugu waombolezaji, mimi ni Feston Chipasha, kaka wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa, si kama yalivyo katika karatasi niliyokabidhiwa asubuhi hii na Bwana Lazaro Simutowe wa Mradi wa Mahindi Mapya, inayomwita "mkulima wetu wa mfano", karatasi ambayo nimeikunja na sitaisoma.

Yotamu Kafula Chipasha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 katika kijiji cha Kalonge, wilaya ya Chinsali, akasoma shule ya misheni tangu 1940 hadi 1945, akafanya kazi mgodini Mufulira tangu 1951 hadi 1969, na tarehe 6 Juni 1954 akamwoa Delina Nsofwa, aliyeketi hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai.

Aliporudi kijijini alilima ulezi kama baba zetu, akikwea miti, akikata matawi, akiyachoma na kusia mbegu majivuni. Mwaka 1983 Mradi ulifika ukaandikisha wakulima kwa sharti la kuacha ulezi, na Yotamu, nasema kwa kuwa ni kweli, aliandikishwa wa kwanza, akapigwa picha kama mkulima wa mfano. Wake zetu wakapalilia mahindi ya kuuza kutwa nzima, watoto wakakosa wa kuwapikia, wakanyong'onyea penye magunia yaliyojaa, na Mradi ukahesabu magunia. Mbolea iliyoahidiwa Novemba 1987 ililetwa Februari 1988, mahindi yamekwisha kuwa manjano, nasi tukapongezwa kwa uvumilivu.

Juni mwaka huo Yotamu alichukua shoka akakwea mti, maana Delina alikuwa ameficha mbegu za ulezi chunguni juu ya moshi wa jiko, na Bwana Simutowe, akiwa chini na daftari, akamwuliza, "Mzee, hata wewe unakwea miti kama nyani?" Akajibiwa, "Mwanangu, nyani hajawahi kuja kwangu kuomba ugali." Tarehe 20 Juni jina lake likafutwa, akanyimwa mbolea, na majirani walioogopa kufutwa wakaacha kumsalimia, hadi mwaka uliofuata walipoishiwa chakula wakaja na vikapu kuomba ulezi, wala hakuna aliyerudi na kikapu kitupu.

Alianza kuugua kifua Machi mwaka huu wa 1993, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Mei, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru Daktari Chisulo na wauguzi wake, majirani waliokata kuni na kuchota maji, wenzake wa mgodini waliosafiri siku mbili, na Mradi kwa shada la maua ya plastiki. Ugali mliokula leo ni wa ulezi wa shamba lake la mwisho, aliouvuna Delina peke yake mwezi uliopita, na Bwana Simutowe, kwa ajili ya taarifa yake, alipakuliwa mara mbili.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu Yotamu. Nyani bado hajaja kuomba.