Pahali pa Tairi la Akiba

Rukiyah alikuwa amepanga kusinzia ndani ya teksi ya abiria mpaka Tororo, lakini usingizi utatoka wapi ukikaa karibu na kijana aliyepakata tairi lenye pancha? Mama muuza mitumba kutoka Malaba, aliyekaa upande wa pili wa kijana, ndiye aliyeanza. "Kijana, kwani spea huna?"

"Iko nyumbani, mama. Pahali yake kwa buti ya gari nimeweka spika kubwa ya besi, nikafunika na kapeti. Gari yangu ni ya spoti, lakini ukiangalia hivi huwezi jua kama iko na muziki."

"Unaficha polisi?"

"Naficha mama mkwe. Ijumaa naoa binti yake. Alisema mtoto wake haolewi na disko, nikaapa nimetoa yote."

Kutoa alitoa kweli, Rukiyah aliwaza. Alitoa tairi.

"Mwambie kabla ya Ijumaa," mama akasema. "Ndoa haianzi na kiapo cha uongo."

"Baada ya Ijumaa, mama. Sasa hivi yuko kwa gari pale Rubongi nilikopandia, ananingoja. Nimemwambia spea waliiba."

"Amekaa mbele?"

"Mbele na mkwe? Hapana! Amekaa nyuma, kwa heshima."

"Basi hiyo spika iko mgongoni mwake."

"Hajui. Nimemwachia funguo, asichoke, awashe redio asikilize mawaidha."

"Na besi ulizima?"

Kijana akageuka kutazama barabara nyuma yao. Kisha akapiga kelele, "Dereva, simama!"

Teksi ikasimama. Alikimbilia walikotoka, na tairi akamwachia yule mama mapajani.