Wiki Moja Ziwani na Kaka

Ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu mstaafu alikuwa akimsimulia nesi, aliyekutana naye humo basini, mipango ya likizo. Yeye na kaka yake, ambaye hawajasemezana naye kwa miaka tisa, wamekodi nyumba ndogo kando ya ziwa.

"Asubuhi tunapanda mlima, mchana tunavua samaki, jioni tunapiga makasia."

"Na mtaongea saa ngapi?" nesi akauliza.

"Mlimani mtu anahema, dada yangu. Na kwenye kuvua, kelele hufukuza samaki."

Fundi akauma midomo asicheke.

"Mvua ikinyesha je? Si mtabaki ndani mnatazamana?"

"Kwenye mazishi ya mama sikwenda," mwalimu akasema. "Hilo nalianzaje?"

"Lianze hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Wewe mgeni. Kwa mgeni ulimi mwepesi."

Basi likasimama. Nje alisubiri mzee anayefanana na mwalimu kama shilingi kwa ya pili. Mwalimu hakuinuka.

"Mzee, ziwa ndilo hili," kondakta akaita. "Mbele hakuna kituo."