Miaka Thelathini na Moja ya Kupima Mbwa Wasiotaka Kupimwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, muuguzi msaidizi wa kliniki yetu ya wanyama atavua aproni yake ya kijani baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kuwakera madaktari, kuwaumbua wateja na kuwanyima raha mbwa wadogo wa mji huu. Jina lake kamili wanalijua watu wa ofisi ya utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Mizani, naye huitika.

Anaondoka na cheo kile kile alichoingia nacho. Wageni wa hafla ya kumuaga watashangaa, kwa hiyo niwape jibu mapema. Ndani ya jalada lake imo barua moja ya onyo, ya miaka kumi na miwili iliyopita, inayosema kwamba mama huyu hatii maagizo ya daktari. Kila nafasi ya muuguzi mkuu ilipotangazwa, barua ilitolewa, ikasomwa kwa huzuni kubwa, ikarudishwa jaladani, na nafasi akapewa mwingine. Ijumaa jalada linafungwa moja kwa moja, na barua hiyo ndiyo itakayobaki ikimsemea. Aliyeiandika namjua, tena namjua kuliko ninavyopenda.

Alianza kazi hapa kwa kufua taulo na kusugua vizimba. Siku hizo wagonjwa wetu walikuwa ng'ombe na mbuzi, wagonjwa wenye heshima zao. Kisha mji ukaingiwa na mtindo wa mbwa wadogo, wale wa kubebwa kwenye mkoba, na sisi madaktari tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mbwa aliye sawa na kiatu ataumwa nini? Mama Mizani hakucheka. Alikwenda zahanati ya jirani, akaomba mizani ya watoto wachanga iliyokuwa imetupwa, akaitengeneza mwenyewe, akaiweka juu ya meza karibu na mlango na kutunga sheria ambayo hakuna aliyemtuma aitunge: hapiti mbwa bila kupimwa, na anapimwa mtupu, bila koti, bila kola, bila utepe wa kichwani. Wateja walilalamika kwamba anawavunjia mbwa wao heshima.

Heshima ya wateja nayo hakuibakiza. Fundi cherehani mmoja alileta mbwa asiyekuwa na kiuno, akaapa kwa viapo vyote kwamba mnyama huyo hali chochote. Mama Mizani alikubali kwa adabu zote kwamba huenda ananenepa kwa upepo, kisha akauliza ni nani pale nyumbani anayekunywa chai na biskuti. Fundi akajipangusa makombo shatini. Akaelezwa kwamba nusu kilo ya ziada kwa mbwa wa kilo tatu ni sawa na yeye fundi kushona kutwa nzima amebeba ndoo ya maji, na kwamba moyo na magoti ya mbwa hayana pa kuitua ndoo hiyo. Alirudi baada ya miezi mitatu. Mbwa alikuwa amepungua, na fundi pia.

Mwalimu mmoja wa kike alikuja na mbwa anayekohoa kwa sauti ya bata, akatangaza kwa fahari kwamba ameshampa dawa ya kikohozi ya mumewe. Mama Mizani alimpongeza kwa kumtibu mbwa kana kwamba ni shemeji yake. Kisha akaifungua kola aliyofungwa mbwa shingoni, akamwonyesha jinsi inavyokandamiza koo ambalo njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, akamfundisha kufunga mkanda wa kifuani. Dawa za binadamu akazipiga marufuku pale pale, pamoja na chokoleti, zabibu na vitunguu. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari na kupigia mstari.

Lakini siwezi kuisahau ile asubuhi ya baridi alipoingia binti mmoja analia, mtoto wa mbwa amelegea mkononi mwake kama kitambaa. Binti alikuwa ameshaanza msiba. Mimi nilikuwa naitafuta miwani. Mama Mizani alimpaka mbwa asali kwenye fizi, akamfunga taulo yenye joto, akamkabidhi kwangu nimwekee dripu, akageuka kumuuliza binti mbwa alikula lini. Jana mchana, binti akasema. Akaambiwa kwamba hicho alicholeta si ngamia: kiumbe mdogo kiasi hicho hana akiba, sukari yake ya damu hushuka upesi, na hula kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Mbwa alisimama kabla dripu haijafika nusu. Asali ilikuwa yangu ya chai, na mpaka leo haijarudishwa.

Yapo mengi. Yuko seremala aliyeambiwa mbwa wake anainua mguu kwa sababu kifuniko cha goti kinateguka kila anaporuka kutoka kwenye kochi, akaagizwa amtengenezee kingazi kidogo cha kupandia na kushukia. Alitengeneza ngazi kubwa kuliko kochi, na sasa mkewe anaitumia kuanikia nguo.

Sasa tuje kwenye barua. Palikuwa na daktari hapa aliyevimba kichwa. Alijisifu kwamba mkono wake unapima kuliko mizani yoyote: akimnyanyua mbwa mara moja, anataja kilo zake. Mizani ya Mama Mizani aliihamishia stoo kwa kuwa, alisema, inamzibia njia. Daktari huyo ndiye mimi.

Asubuhi moja mjane mmoja, anayeishi peke yake na mbwa wake, alimleta ang'olewe meno. Mbwa wadogo meno yao husongamana mdomoni, yasipopigwa mswaki huoza, na huyu yalikuwa yameoza saba. Alikuwa na manyoya mengi kama mto wa kulalia. Nilimnyanyua mara moja, nikasema kilo nne, nikajaza sindano ya usingizi. Mama Mizani aliniuliza kama tumpime. Nikamjibu kwamba mkono wangu una uzoefu wa miaka ishirini, naye ashike kazi yake.

Aliichukua sindano kwenye sinia, akaitia mfukoni mwa aproni, akambeba mbwa na kushika njia ya stoo. Nilimfuata nikifoka, korido nzima ikisikia. Akamweka mbwa kwenye mizani. Kilo mbili na gramu mia mbili. Zilizobaki zilikuwa manyoya. Aliirudisha sindano mkononi mwangu, akanisogelea sikioni ili yule mjane aliyekaa benchini asisikie, akasema, “Daktari, umepima nywele.”

Nilimwaga karibu nusu ya dawa. Meno yalitoka yote saba, mbwa akaamka, akaning'ata, akaenda zake nyumbani. Nami, kwa shukrani, mchana ule ule nikakaa nikaandika barua kwamba muuguzi msaidizi amempokonya daktari sindano mbele ya watu. Kila sentensi ya barua ile ilikuwa ya kweli. Kilo sikuzitaja. Ulikuwa uandishi wa hali ya juu, na kamati iliusifu.

Alipoitwa kujitetea, alisema hana la kuongeza. Nilidhani ameniogopa, nikatembea kifua mbele mwaka mzima. Ni mwezi huu tu ambapo mfamasia wetu, rafiki yake wa siku nyingi, alichoka kuitunza siri na kunieleza alichoambiwa siku ile. Mama Mizani alisema kwamba kama angenianika mbele ya kamati, nisingemruhusu tena kusimama karibu na meza yangu, na mbwa anayefuata angebaki na mimi peke yangu. Kwa hiyo alikubali kuitwa asiyetii, akairudisha mizani mlangoni siku iliyofuata, akasimama kando ya meza yangu miaka kumi na miwili. Sijakisia uzito wa mbwa tena. Siushukuru mkono wangu kwa hilo.

Wiki iliyopita nilimwandikia meneja, nikamweleza yote, nikaomba barua iondolewe. Alinijibu kwa upole kwamba utaratibu hauruhusu kutoa karatasi jaladani. Kuongeza unaruhusu. Na kwa utaratibu huo huo, wasifu wa mstaafu kama huu, ukishasainiwa na meneja, huwekwa kwenye jalada lake kama kumbukumbu rasmi. Meneja wetu ana kazi nyingi mno, na husaini jarida hili la kliniki bila kulisoma. Ikiwa ukurasa huu umekufikia, msomaji, ameshausaini.

Basi iingie kwenye kumbukumbu kwamba siku ile daktari alikosea, muuguzi alikuwa sahihi, na cheo alichonyimwa kilikuwa haki yake. Mama Mizani, mbwa wa yule mjane aliishi miaka tisa zaidi, na kila mwaka kati ya hiyo ni wako. Nilikuonea, nami nimechelewa kusema. Nakuomba radhi mbele ya wenzetu wote. Asante kwa kila siku uliyonikatalia. Upumzike vizuri, muuguzi mkuu.