Sala Fupi ya Mama Wakonyo

RISPER: Haloo! Haloo, hapo ni kwa Mama Anita?

WAKONYO: Ndiyo... nani huyo? Ongea juu, hii namba sina.

RISPER: Ati huna! Tumeimba sauti ya pili pamoja miaka sita kwa kwaya ya hapo Giakanja, leo namba huna. Ni Risper!

WAKONYO: Woi, Mwalimu! Mimi nilijua Doldol ilikumeza tangu uhamishwe. Hamjambo huko?

RISPER: Hatujambo, ni jua tu na mbuzi. Sikiza, Mama Anita. Niko hapa ofisi ya walimu na kuna video inazunguka. Mama wa kilemba ya bluu ako mbele ya kanisa, macho amefunga, anaomba. Nyuma yake kuna mheshimiwa anaangalia saa. Niambie huyo si Wakonyo ninayemjua.

WAKONYO: Kilemba imeonekana vizuri?

RISPER: Mama Anita!

WAKONYO: Pole pole, usinipigie kelele kwa sikio. Niko hapa nje ya ofisi ya kanisa, kwa benchi. Wazee wako ndani na Pasta Moffat, wananijadili tangu saa nane.

RISPER: Wanakujadili, kwani umeua mtu?

WAKONYO: Ati nimefanya siasa kwa madhabahu.

RISPER: Na umefanya?

WAKONYO: Ngoja nikuambie ilivyoenda, ndio uhukumu. Jumapili tuko katikati ya somo la pili, akaingia Mheshimiwa Gathogo—

RISPER: Yule wa daraja?

WAKONYO: Yule wa daraja. Miaka minne hatujamwona, hata kwa mazishi. Ako na watu kumi na moja. Wazee wakatolewa kwa viti vya mbele, kwaya ikanyamazishwa, na Pasta akasema, kabla mheshimiwa hajatusalimia, Mama Wakonyo atuongoze kwa sala fupi.

RISPER: Wakakupa wewe!

WAKONYO: Si mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama? Sikujiita. Nikashika maikrofoni, nikasema tufunge macho. Na nilikuwa na nia nzuri, Mwalimu. Nikashukuru kwa mvua, nikashukuru kwa majani chai. Halafu nikasema, Bwana, mbariki mtumishi wako Gathogo... na mdomo ukaenda wenyewe.

RISPER: Ukaenda wapi?

WAKONYO: Ukaenda mtoni. Nikasema, Bwana, wewe uliyewavusha wana wa Israeli bila daraja, waangalie watoto wetu wanaovuka maji na viatu mkononi. Na yule aliyetuahidi daraja ako hapa leo, Bwana, mwone, kiti cha mbele, shati jeupe—

RISPER: Shati jeupe! Kwani Mungu hangemtambua?

WAKONYO: Kanisa ilikuwa imejaa.

RISPER: (anacheka) Woi, nakufa! Na hakuna mtu alisema amina akukate?

WAKONYO: Nani atakata mtu akiomba? Hiyo ndiyo kitu niligundua hapo hapo. Mtu akihutubia, unaweza kumzomea. Akihubiri, unaweza kusinzia. Lakini mtu akiomba, hata yule mlinzi wake wa bunduki amefunga macho. Pasta akakohoa. Nikamwombea kifua.

RISPER: Wewe!

WAKONYO: Akakohoa tena. Nikaombea wote walio na kifua, kijiji chote mpaka ng'ambo ya mto.

RISPER: Video inasema dakika ishirini na tatu.

WAKONYO: Sikuwa na saa. Nikisema amina, wakati wa kumpa mheshimiwa kusalimia watu ulikuwa umeisha. Wazee wakaleta Meza ya Bwana.

RISPER: Lakini sasa tuache kicheko. Hiyo ilikuwa sala, ama ilikuwa hotuba?

WAKONYO: Hiyo ndiyo swali ile ile Mzee Muchiri ameniuliza.

RISPER: Ukamjibu nini?

WAKONYO: Nikamwambia hata manabii waliwakemea wafalme.

RISPER: Manabii waliwaambia wafalme usoni, macho yamefunguka. Wewe ulijificha nyuma ya Mungu.

WAKONYO: (kimya)

RISPER: Haloo? Mama Anita? Ni netiweki?

WAKONYO: Si netiweki. Wewe mwalimu uko na mdomo mbaya. Kuna kitu hata wazee sijawaambia.

RISPER: Niambie mimi.

WAKONYO: Kufika mwisho, maneno yaliisha. Mashtaka yote nilikuwa nimemaliza. Nikatafuta ya kuongeza, kama mtu anaongeza maji kwa chai wageni wakizidi, nikasema tu, na Bwana, mkumbuke mama aliyemzaa. Nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikafungua jicho moja—

RISPER: Ulifungua jicho!

WAKONYO: Moja tu. Ni yeye. Analia, Risper. Mwanaume mzima, kichwa kwa magoti. Watu wakitoka akanifuata huko nyuma, kwa tangi ya maji, akaniuliza, mama, nani alikuambia mama yangu ni mgonjwa?

RISPER: Nani alikuambia?

WAKONYO: Hakuna! Mama ako hospitali hapo mjini, wiki ya tatu, na kijana ameificha. Akasema, kila kanisa naenda wananiombea kiti, hakuna amewahi kuniombea mama. Akaniuliza kama ninaweza kwenda kumwona. Jana nikaenda na... ngoja. Mlango. Wananiita. Usikate!

RISPER: Mama Anita, salio yangu—

WAKONYO: Usikate, Risper!

(Mlango. Sauti za wanaume kwa mbali. Simu inakwaruza.)

RISPER: Haloo?... Haya. Baba, uwe na huyu mama huko ndani. Mdomo wake unaujua, uliutengeneza mwenyewe. Na uangalie hii salio yangu pia. Amina.

(Mlango tena. Hatua zinakaribia.)

WAKONYO: Uko?

RISPER: Niko! Wamesema nini?

WAKONYO: Nimalize kwanza ya hospitali.

RISPER: Wacha hospitali! Wamekufukuza?

WAKONYO: Nitafika. Sasa, mama yake ni Cucu Watiri, nyanya mzee sana. Mifupa tu, lakini akili ni kisu. Akaniuliza natoka upande gani, nikamwambia. Akafurahi! Ati, nyinyi ndio wale wa daraja, kijana yangu aliniambia aliwajengea.

RISPER: Woi. Ukasema nini?

WAKONYO: Ungekuwa wewe ungesema nini? Mgonjwa, kitandani, na mimi nimekuja na Biblia.

RISPER: Ukamdanganya.

WAKONYO: Nilinyamaza. Na hiyo kunyamaza yangu akaielewa. Akamwita Gathogo aingie, akamuuliza mbele yangu, pole pole tu, hilo daraja ni la rangi gani.

RISPER: Yesu wangu! Akajibu?

WAKONYO: Mheshimiwa mzima akaangalia viatu. Akaambiwa apige magoti, akapiga. Cucu akanishika mkono, akasema, sasa tuombe. Tukaomba sisi watatu. Dakika moja, labda haikufika. Na nakuambia ukweli, Mwalimu, nikitoka pale nilijua ile ya Jumapili nusu yake ilikuwa hasira yangu, nimeivalisha kilemba.

RISPER: Na daraja je?

WAKONYO: Na leo asubuhi lori mbili zimemwaga kokoto hapo mtoni.

RISPER: Haleluya! Si Mungu amejibu!

WAKONYO: Amejibu Mungu ama amejibu mama yake, mimi sijui. Na kokoto si daraja. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia nimeona kokoto nyingi.

RISPER: Kwa hivyo kura hutampa?

WAKONYO: Maombi nitampa kila siku, na kwa mama yake nitarudi Alhamisi. Kura nitampa nikivuka na miguu kavu.

RISPER: Sawa, sasa hukumu. Haraka, hii simu imeanza kulia.

WAKONYO: Wamesema nimekosa. Ati Jumapili nikuje mbele, nipige magoti, nifanye sala ya toba. Kwa sauti, kanisa nzima isikie.

RISPER: Kwa sauti aje? Kanisa kubwa hivyo.

WAKONYO: Watanipa maikrofoni.

RISPER: Wamekupa maikrofoni tena?

WAKONYO: Pasta mwenyewe amesema.

RISPER: Mama Anita, na utatubu kweli?

WAKONYO: Nitatubu kabisa! Ile ya kujificha nyuma ya Mungu nitaisema kwanza. Halafu si lazima nieleze hasira ilitoka wapi, ndio toba ikamilike—

RISPER: Woi, salio inaisha! Haya, ubarikiwe, salimia Anita. Lakini niambie, wamekupa dakika ngapi?

WAKONYO: Hawakusema.

(Tii, tii, tii.)