Ukurasa Alioutunza Sajini Gaudiosus Kakuru

Baba Padre, wazee wa ukoo, bwana inspekta na askari ulioongozana nao, majirani wa Chonyonyo na wageni wetu kutoka Kimuli, mimi ni Melkiory, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya misheni, na nimesimama hapa kusoma historia ya kaka yangu kama alivyoagiza mwenyewe, nikiwa na karatasi mbili mkononi, moja nimeiandika mimi juzi na nyingine iliandikwa na mtu mwingine miaka kumi na minne iliyopita, na ninaomba mniwie radhi nikikwama, maana hiyo ya pili sijawahi kuisoma mbele ya watu.

Marehemu Gaudiosus Kakuru alizaliwa katika kibanja hiki hiki tulichokaa, mtoto wa pili wa baba yetu mzee Kakuru, na siku yenyewe haikuandikwa popote, mama alikumbuka tu kwamba watu walikuwa wanavuna maharage, hivyo padre aliyembatiza mwaka 1921 alimpa tarehe 19 Machi 1910, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, naye akaishika tarehe hiyo kuliko wengi wanaozijua za kwao.

Alisoma shule ya misheni upande wa Buhaya, mwendo wa siku tatu kwa miguu, kuanzia Januari 1922 hadi Desemba 1926, akajifunza kusoma, hesabu na dini, lakini kilichomtoa ni mwandiko, kwani herufi zake zilisimama sawasawa kama migomba iliyopandwa kwa kamba, hata walimu wakawa wanampa barua zao awaandikie. Silitaji hili la mwandiko kwa kumsifu, mtaelewa mbele.

Tarehe 1 Februari 1932 aliandikishwa kuwa askari polisi, na baada ya mafunzo ya miezi sita akapangwa katika mji mmoja wa kando ya ziwa, ambao familia imeamua nisiutaje, akapanda kuwa koplo mwaka 1938 na sajini mwezi Aprili 1943, akapewa usimamizi wa chumba cha mahabusu, kazi ambayo sheria yake ilikuwa fupi na kila askari aliijua kwa moyo, kwamba kila saa moja askari wa zamu aende mlangoni, amwite mahabusu kwa jina, angoje aitike, kisha aandike kitabuni, na kila baada ya saa mbili sajini naye aende, aite, angoje, atie sahihi kando ya ile ya askari, ili mkubwa amkague mdogo na kitabu kiwakague wote wawili. Ufunguo wa chumba alikaa nao sajini peke yake.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Placidia siku ya Jumamosi, tarehe 25 Julai 1936, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa askari mwenzake, Elpidius Yustasi wa Kimuli, Mnyambo mwenzetu pekee aliyekuwa naye kituoni, ambaye walikula sufuria moja na kulala chumba kimoja kabla kaka hajaoa, na ndiye aliyembeba kifungua mimba wao, Renatha, kwenda naye kwenye ubatizo. Mungu aliwajalia watoto watano, wote wako hapa.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo mjomba wetu mmoja, asubuhi ya leo, alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, soma ya shule, soma ya watoto, hayo mengine mwache azikwe nayo," na nusura nikubali. Bwana inspekta, ninakuomba wewe na askari wako mwendelee kukaa mpaka nimalize.

Jumapili tarehe 14 Novemba 1943 alikuwamo mahabusu mmoja tu, kijana wa miaka ishirini jina lake Muhangi, mchunga ng'ombe wa huku kwetu, aliyekuwa amefikisha ng'ombe wa watu mnadani, akakamatwa kwa kukosa stakabadhi ya kodi, na siku hiyo askari wa zamu alikuwa Elpidius. Kuanzia saa sita mchana askari wengine wote walikuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya gwaride, kwa kuwa mkubwa kutoka makao makuu alitarajiwa Jumatatu, na kaka yangu aliyaongoza mazoezi hayo, kwa hiyo asubuhi, ili asirudi rudi kituoni, alikifungua kitabu akatia sahihi zake zote za siku nzima, ya saa nne, ya saa sita, ya saa nane na ya saa kumi, kila moja akaiandikia kwamba mahabusu ameitika.

Saa nane Elpidius alikwenda uwanjani akamwambia kwamba yule kijana anachemka homa, haitiki jina lake, anasema neno moja tu, amaizi, naye ufunguo hana wa kumpelekea hayo maji, na kaka yangu, mbele ya safu ya askari, akamjibu, "Huyo kalewa, mwache alale," akaendelea na gwaride. Saa tisa Elpidius alirudi tena akafukuzwa. Saa kumi na moja mlango ulipofunguliwa, Muhangi alikuwa amekwisha kufa, ameegemea mlango.

Jioni ile kaka yangu aliuchana ukurasa wa siku hiyo kitabuni, akaandika mwingine, nao akaupachika mahali pake, na katika huo mwingine kila mstari wa Elpidius, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi, ulisema mahabusu ameitika, umeandikwa kwa herufi zilizoigwa vizuri, maana mkono ule ungeweza kuiga wa mtu yeyote. Baraza la uchunguzi lilipokaa tarehe 2 Desemba lilikuta sajini mwenye rekodi safi na askari aliyekuwa zamu, na Elpidius alisema maneno mawili tu yaliyoandikwa, "Mwandiko si wangu, afande," na, "Muulizeni sajini," wakamwuliza sajini, naye akakana. Wenzao wa gwarideni waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema hakusikia kitu. Elpidius alifukuzwa kazi, akafungwa miezi kumi na minane, akarudi Kimuli na jina la mtu aliyemnyima maji Mnyambo mwenzake hadi akafa.

Mama yake Muhangi, bibi Kembabazi, aliishi mpaka mwaka 1951, na kila mvua za vuli alikuwa anakwenda hadi kwenye uzio wa Elpidius, anasimama nje, kisha anarudi kwake. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anasimama penye uzio wa mtu asiye na kosa.

Mwaka 1946 kaka yangu alipewa kazi ambayo ninyi nyote mnamjua nayo, ya kupokea malalamiko ya raia dhidi ya askari na kuvikagua vituo bila taarifa, akaifanya kwa miaka minane, akiingia mahabusu saa yoyote, akiita kila jina kwa mdomo wake mwenyewe na kungoja, na askari arobaini na mmoja waliadhibiwa kwa kalamu yake, wakiwemo makoplo na sajini mmoja, kwa kupiga watu, kwa kulala zamu, na zaidi ya yote kwa kutia sahihi kabla ya saa. Walimchukia, hawakumpikia hata uji alipofika, na sisi huku nyumbani tuliringa. Mimi niliwafundisha watoto shuleni kwamba kuna polisi anayewachunguza polisi, na ni kaka yangu, na nilipokutana na Elpidius kwenye njia ya mnadani niligeuza uso nisimwamkie, yeye aliyenizidi miaka tisa. Hilo nimelifanya kwa miaka kumi na miwili na linaniuma kuliko msiba huu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 1954, akajenga nyumba hii ya mabati mnayoiona, akalima kahawa, na mwezi Machi mwaka huu wa 1957 alianza kuvimba tumbo, tukampeleka kwa machela mpaka Nyakahanga, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Agosti, na hapo ndipo aliponiagiza nimletee sanduku lake la kazi, nikabandua karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na nyuma yake kulikuwa na ukurasa uliokunjwa mara nne. Aliyasema yote haya mbele ya Baba Padre na mashahidi wawili, yakaandikwa, akatia sahihi, na sahihi hiyo ilipinda sana. Nilimwuliza kwa nini hakuuchoma. Alisema, "Ningeuchoma, Elpidius angebaki hana shahidi." Nikamwuliza kwa nini basi hakuutoa, akageukia ukutani. Nilimkasirikia kaka yangu siku ile, na bado nimemkasirikia, na ninamlilia, vyote kwa pamoja.

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Septemba 1957, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba kwa hesabu ya padre.

Sasa ninausoma ukurasa wenyewe, kuanzia mistari ya mchana, kwa mwandiko wa Elpidius Yustasi, ambao si mzuri lakini unasomeka. Saa saba, Muhangi ameitika kwa shida, ana homa. Saa nane, Muhangi haitiki, anataka amaizi, ufunguo anao sajini, nimemwambia. Saa tisa, nimemwambia tena. Saa kumi, nimekaa naye mlangoni, ninamwita, haitiki. Kando ya mistari ya saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi kuna sahihi nzuri ya kaka yangu, ikisema ameitika.

Nakala ya maungamo imepelekwa kwa bwana shauri wa wilaya na nyingine ninamkabidhi bwana inspekta hapa hapa, na kama askari waliokuja kubeba jeneza wanaona hawawezi tena kulibeba, vijana wa ukoo wako tayari na hatutawalaumu.

Familia inawashukuru wauguzi wa Nyakahanga waliomsafisha kaka yetu kama mtoto wao, majirani waliobeba machela na kuleta ndizi na kuni, Baba Padre ambaye hakumwacha, na askari wenzake, wale waliompenda na wale aliowaandika.

Yabaki maneno ambayo msomaji humwambia marehemu mwishoni, kwamba apumzike kwa amani, na watu wote huitikia. Kaka yangu alinikataza. Alisema, "Melkiory, hayo usiyaseme wewe, wala Placidia, wala watoto. Mwachie Elpidius. Akiyasema, nishusheni. Akinyamaza, nishusheni hivyo hivyo, na mtu asimwulize."

Amesimama pale penye migomba, hakutaka kukaa kwenye mkeka, na nimemwona tangu asubuhi. Nimefika mwisho wa karatasi yangu, na hii nyingine ni yako, ninakuja kukupa mkononi.

Shikamoo, kaka Elpidius. Ninangoja.