Historia ya Mzee Mizani na Nusu Shamba la Lusini

Ndugu mliokuja kutufariji, kwa niaba ya Mama na ndugu zangu wanne, mimi kitinda mimba nimepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mizani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba hii hii, wakati huo ikiwa na vyumba viwili, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha maziwa kuanzia 1959 hadi 1965, na tarehe 3 Juni 1969 akaajiriwa kwenye ghala la nafaka kuwa mpimaji, kazi aliyoifanya miaka arobaini na miwili bila kukubali kuambiwa "kama gunia hivi". Alifunga ndoa na Mama tarehe 20 Aprili 1974, wakajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Alipostaafu, swali moja lilimkaa rohoni: ng'ombe anafaidi lusini, yale majani ya malisho yenye mizizi mirefu, je, ngano inayopandwa baada yake inafaidi nini, na kwa mavuno mangapi? Mwaka 2018 aligawa shamba kwa kamba, nusu moja akaendelea na ngano, nusu nyingine akaotesha lusini miaka mitatu, kisha 2021 akapanda ngano kote. Mavuno ya kwanza nusu ya lusini ilitoa magunia manne na ile nyingine sita, maana ile mizizi mirefu ilikuwa imekunywa maji yote ya chini, Mama akamuuliza kama lusini si ya maziwa tu, au mkate nao utakamuliwa, naye akacheka, akaandika nne kwenye daftari lake. Mwaka wa pili ikatoa nane kwa tano, wa tatu saba kwa sita, na waliomcheka wakaanza kuomba mbegu.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, na wodini alimuuliza daktari machache kuhusu figo na mengi kuhusu shamba la kwao huyo daktari, akaniomba mimi niliyemuuguza nisiache nusu mbili zichanganywe wakati wa kuvuna, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, saa moja asubuhi, ngano ikiwa imekauka shambani, haijavunwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovuna juzi kila nusu peke yake, na wenzake wa ghalani walioleta jana mizani ile ile aliyopimia kazini, wakapima mara mbili kama alivyowafundisha.

Baba, zimelingana, sita kwa sita. Wema wa lusini huchelewa mwaka mmoja, hukaa miwili, kisha huisha, na Mama amesema ipandwe tena. Nimeandika kwenye daftari lako. Pumzika kwa amani.